Kupenda Kazi Si Punguzo la Bei

Juzi nilimtajia bei karani mmoja wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambaye alikuwa ameijaribu kibodi yangu na kuipenda, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, wewe hii si kazi yako ya riziki, unafanya kwa kupenda. Nikulipe vifaa, ufundi tusiuhesabu." Hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi tangu nianze kuunda kibodi za mekanika za kompyuta hapa Mtwara, na yananiumiza kila mara.

Kibodi aliyoitaka ina vitufe 87, na chini ya kila kitufe kuna swichi yake. Kila swichi naifungua, naitenganisha kifuniko, kitako, springi na kishina, yaani kile kijiti kinachoshuka kitufe kinapobonyezwa, kisha napaka grisi kwa brashi ndogo kwenye njia kinamopita kishina. Grisi ikizidi, kitufe kinakuwa kizito kurudi. Na kwa swichi zile zenye kinundu kinachosikika kidoleni, ikigusa miguu ya kishina kinundu chenyewe kinafifia, na mteja anakuwa amelipia kitu asichokipata. Halafu kuna waya unaobeba kitufe kirefu cha nafasi, ambao usiponyooshwa mpaka ulale sawasawa juu ya kioo, utalia kwa kila neno atakaloandika. Mwisho ni lehemu: miguu miwili kwa kila swichi, yaani maungio 174, na ungio moja likikosa kushika, kitufe kimoja hakiandiki. Hizo ni jioni kadhaa za macho na mgongo baada ya kutoka kazini, na uchovu wake haupungui kwa sababu naipenda kazi.

Sisi watu wa huku tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa tumeishi na wachongaji wa Kimakonde. Mpingo ni mgumu, unatafuna makali ya patasi, na mchongaji hukaa na gogo moja siku nyingi. Lakini mnunuzi husimama mbele ya kinyago na kukipangia bei kana kwamba ananunua kuni. Nilipomwomba mzee mmoja anichongee kiegemeo cha viganja cha kuweka mbele ya kibodi, nilimlipa alichokitaja bila kuomba apunguze, na naamini hiyo ndiyo heshima ndogo kabisa ambayo fundi anastahili kupewa.

Wapo wanaosema kibodi ya shilingi 15,000 inaandika herufi zilezile. Ni kweli, na anayeandika barua moja kwa mwezi ainunue hiyo. Karani wa korosho ni mtu mwingine. Msimu wa minada ukianza, mwezi Oktoba, anaingiza majina na kilo tangu asubuhi hadi usiku, katika ofisi iliyo karibu na bahari, madirisha wazi. Unyevu wenye chumvi ukishaingia kwenye karatasi ya plastiki iliyo ndani ya kibodi ya kawaida na kuila njia ya umeme, namba moja inakufa na kibodi nzima inatupwa. Kutu haichagui, na swichi zangu nazo inazifikia. Tofauti ni kwamba swichi iliyokufa naifyonza lehemu, naing'oa na kuweka nyingine, na 86 zilizobaki zinaendelea na kazi. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani, iliyotoa swichi za MX mwaka 1983, inazitaja baadhi ya swichi zake kuwa zinahimili kubonyezwa mara milioni 100. Hataza yake, yaani haki ya kuzitengeneza peke yake, ilipokwisha muda, viwanda vya China vikaanza kutengeneza swichi za umbo lilelile kwa bei nafuu, na ndiyo maana mtu kama mimi anaweza kuziagiza.

Usafiri wa vifaa nao una gharama na mashaka yake: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, hakuna mzigo uliopita.

Kelele za kibodi hizi nakubali ni tatizo, na kwa ofisi ya watu wengi siuzi swichi zinazolia.

Kuanzia sasa bei yangu nitaiandika kwa mistari mitatu: vifaa, usafiri, ufundi. Mteja akitaka kupunguza gharama, tutachagua pamoja kasha la plastiki badala ya alumini, au swichi za bei ya chini, na nitazipaka grisi kwa uangalifu uleule. Akileta vifaa vyake mwenyewe nitavipokea pia. Mstari wa tatu hautafutwa, na karani wangu nimeshamwandikia hivyo.