Barua ya mwanafunzi inahitaji pia msomaji
Sikubaliani na dai la makala inayowahimiza wanafunzi kujitolea kuwaandikia wazee barua, kwamba barua ya mwanafunzi ikishafika mikononi mwa mzee anayelelewa kwenye makao ya wazee, kazi ya kujitolea imekamilika. Hapa Unguja wapo wazee wengi waliosoma chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, wakazoea Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na skuli hawakukaa sana. Barua ya herufi za Kilatini, tena iliyoandikwa kwa penseli hafifu kwenye karatasi ya daftari, mwenye mtoto wa jicho haambulii kitu. Katika makao ninayoyatembelea, bibi mmoja aliifunga barua yake kwenye pindo la kanga, akamsubiri muuguzi amalize kugawa dawa ndipo amsomee, na aliposomewa akauliza kwanza mtoto huyu ni wa nani na anakaa mtaa gani. Hakupata jibu, kwa kuwa skuli haikupanga njia yoyote ya kupokea majibu. Ingefaa wanafunzi waandike kwa wino na herufi kubwa, kisha wachache wao waende kuzisoma barua kwa sauti na kuandika majibu wanayotajiwa na wazee (ambao, kwa mazungumzo, hawana uvivu). Je, kuna skuli iliyofika hatua hiyo?