Si wingi wao, ni udogo wa majimbo ya uchaguzi

Kuna makala inayosema walibertari, wale wanaotaka serikali ndogo kabisa, wamehamia New Hampshire, jimbo la Marekani, na kuibadili kwa wingi wao. Wingi hawana. Jason Sorens, mwanzilishi wa mpango wao uitwao Free State Project, alipotoa mwaka 2001 wazo la walibertari kuhamia jimbo moja, sharti lilikuwa watu 20,000 watie saini kwanza, kisha wahame ndani ya miaka 5. Saini zilitimia Februari 2016, lakini waliofungasha virago kweli ni wachache sana kuliko hao. Saini ni bure. Kuhama kunadai kazi na nyumba.

Kilichowabeba ni hesabu ya bunge. Baraza la Wawakilishi la pale lina viti 400 kwa watu milioni 1.4, yaani kiti kimoja kwa watu 3,500 hivi, na malipo ni dola 100 tu kwa mwaka. Mgombea mwenye miguu mizuri anabisha hodi karibu kila nyumba. Wengi wao hupita kwa tiketi ya Republican, hawaanzishi chama.

Tazameni udogo huohuo Croydon, mji wa New Hampshire, Machi 2022. Mkutano wa mji, theluji nje, watu wachache ukumbini: kura 20 kwa 14 zikashusha bajeti ya shule kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000. Wazazi wakakusanya saini, mkutano mwingine ukaitishwa Mei. Sheria ilidai nusu ya wapiga kura wahudhurie, watu 283, kwa hiyo aliyebaki nyumbani alikuwa anaisaidia bajeti iliyokatwa. Wakajaa. Kura 377 kwa 2, fedha zikarudi.