Kabla Hujahama Canon, Uliza Jirani Ana Lenzi Gani

Wiki hii kundi letu la wapiga picha kwenye WhatsApp halikulala. Kijana mmoja wa hapa Kisumu, ambaye kazi yake naiheshimu sana, alitangaza kwamba anauza kila kitu chake cha Canon, lenzi, flashi, hata mkoba, ahamie Sony. Hajamaliza kubandika picha za bidhaa, mwingine akamrukia: usihame popote, ngoja, kuna modeli inakuja itakayowaaibisha wote. Basi ikawa hama, ngoja, hama, ngoja mpaka usiku wa manane. Wenye harusi Jumamosi sijui walikuwa wanachaji betri saa ngapi.

Mimi sina ugomvi na Sony. Nina ugomvi na ushauri unaotoka kwa watu wa YouTube wanaotumiwa kamera mpya wazijaribu kisha wazirejeshe, wanaoishi miji ambayo lenzi ikikufia asubuhi unavuka barabara ukakodi nyingine. Wao wakisema hama, wanahama kweli, kesho kutwa warudi. Huku kwetu duka la kukodi lenzi ni mwenzako, na mwenzako ana alichonacho.

Nilikuwa na harusi Siaya. Bibi harusi bado anapakwa poda, pete ya zumu ya lenzi yangu ya 24-70 ikakwama. Ukiizungusha inafika 35 halafu inagoma, unasikia kitu kinasaga ndani kama mchanga. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300, na hata basi la usiku lingeniletea lenzi Jumapili watu wakila mabaki. Nikampigia jamaa yangu wa Ugunja. Hakuuliza maswali. Aliifunga yake ndani ya sweta la mtoto, akampa mtu wa boda boda, nikamtumia nauli kwa M-Pesa, na lenzi ikanifikia kabla maharusi hawajaingia kanisani. Niliipachika nikaendelea, kwa sababu lenzi yake ni ya EF, ule mfumo wa Canon wa kupachika lenzi, na kamera yangu ni ya EF. Ningekuwa na Sony siku ile, jamaa angenipa pole, na pole haipigi picha.

Hilo ndilo ninalotaka vijana walipige hesabu. EF ilitoka mwaka 1987. Miaka yote hiyo lenzi zake zimekuwa zikiuzwa, zikiuzwa tena mtumba, zikirithiwa na wadogo zetu, hadi leo ukisimama Kakamega, Bungoma au Kericho ukauliza nani ana 50mm ya kuazima, utampata. Mlinganishe na mwenye Sony peke yake mjini kwake. Siku betri yake imezimika wakati wa keki, ataazima ya nani? Betri ya LP-E6 iliyokuja na kamera ya Canon 5D Mark II mwaka 2008 bado inaingia kwenye Canon R6 ya mwaka 2020. Mimi nimewahi kumaliza mazishi kwa betri ya mpiga picha wa upande wa pili wa familia, na yeye kamaliza kwa memori kadi yangu. Hata flashi: Godox uliyoinunua ya Canon, ukiipachika juu ya Sony, ule ujanja wake wa kupima mwanga wenyewe umeisha, unabaki kuzungusha kwa mkono huku mama mkwe ashapita.

Halafu mnaniambia bei ya kuhama ni bei ya bodi, kamera tupu bila lenzi.

Haya, nitoe haki za Sony. Fokasi inayoshika jicho la mtu na kulifuata akicheza nimeijaribu, sina la kupinga. Kupiga kimya wakati wa viapo pia ni raha, ingawa kanisa likiwa na taa mbaya za LED, ukimya huo unakuletea mistari kwenye picha nzima. Na Canon wenyewe ni wachoyo: Sony waliwaachia watengeneza lenzi wengine, Sigma na Tamron, zamani, ndiyo maana kuna lenzi za bei nafuu upande ule, wakati Canon walisubiri hadi 2024 kuruhusu lenzi za kampuni hizo zenye fokasi ya otomatiki kwenye RF, mfumo wao mpya wa kupachika lenzi, tena wakaanzia kwa zile za sensa ndogo. Linauma, na nimekubali.

Na mnaobishana rangi za ngozi? Ndugu yangu, umewahi kupiga chini ya hema la buluu na manjano saa saba mchana? Bwana harusi uso wa buluu, msimamizi wake uso wa manjano, shela imegawanyika katikati. Hakuna kiwanda Japani kilichotengeneza kamera ya kutibu hema hilo. Ni flashi yako, au uwatoe watu nje chini ya mwembe. Na hizo megapikseli 33 za Sony A7 IV mteja atazitazama WhatsApp, zikiwa zimebanwa.

Nyinyi wa kungoja nanyi. Sony A7 III ilitoka 2018, watu wakangoja A7 IV. Ikaja 2021, na kabla haijafika maduka ya huku wengine washaanza kungoja ya tano. Kungoja kwa maana kunapatikana mahali pamoja tu: ile mpya ikitoka, ile ya juzi inashuka bei kwa mtumba. Ngojea hiyo.

Kinachonitia hofu hasa ni mkopo. Najua wawili watatu wanaochukua pesa za sacco kuhama, wadhamini wakiwa ni wake zao, na kalenda ya kazi haina hata nusu ya malipo hayo. Januari na Februari huku harusi hukauka. Watoto walio shuleni hawangoji msimu. Jamani, kamera unayoishika sasa imekulipia kodi ya nyumba. Imekukosea nini?

Mimi nikibadilisha, nitachukua R6 ya mtumba na adapta. Hiyo adapta haina kioo hata kimoja. Lenzi ya EF hukaa milimita 44 mbele ya sensa, RF, ambayo ndiyo ya R6, hukaa 20, kwa hiyo ni bomba tu la kujaza milimita 24 zilizobaki, lenye viunganishi vya umeme. Lenzi zangu zote zinaingia, na ya Ugunja pia.

Wanaohama wahame salama. Ila kama una 70-200 ya EF, ile ya f/2.8, na haijaota kuvu ndani ya vioo (unyevu wa ziwa hili hauna huruma), nijulishe kabla hujaipeleka Nairobi. Bei ya mtu anayeuza kwa hasira ndiyo ninayoitafuta.