Kabla sijamweka dume na jike

Mwezi wa pili mwaka jana nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja niliyemuuzia nyoka mwaka 2009. Alikuwa anahamia nyumba ambayo mwenyewe hataki wanyama, akaniuliza kama naweza kumchukua yule chatu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimeacha kufuga tangu 2014. Rafu za droo ambamo nyoka hukaa niliziuza, themostati za kudhibiti joto niligawa, na chumba cha nyoka kilishakuwa chumba cha mwanangu. Lakini yule nyoka alianguliwa mbele ya macho yangu, kwenye inkubeta niliyokuwa nikiamka usiku kuitazama kama mtu anayeuguza. Nikamjibu: mlete.

Akaja ndani ya foronya iliyofungwa fundo. Nikampima: kilo 1.9, ngozi inang'aa, macho safi. Mama yule alimtunza vizuri kuliko nilivyowatunza mimi wengi wa wale niliobaki nao.

Ni chatu wa kifalme, Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Wamarekani humwita chatu wa mpira kwa sababu akiogopa hujikunja akawa donge, kichwa amekificha katikati. Hapa Uingereza ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani. Na huyu mmoja ndiye aliyenirudisha. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nanunua rafu tena.

Sasa wenzangu wa zamani wananiambia: jike unaye, mkubwa, mwenye afya, tafuta dume mwenye jeni nne au tano za rangi, mwakani utakuwa na watoto wa rangi ambazo hukuwahi kuziota. Nimekataa. Tena nimekataa kwa moyo mzito, kwa sababu najua raha yake.

Anayeanza leo hawezi kujua mbio zile zilikuwaje. Chatu albino alizalishwa kwa mara ya kwanza na mfugaji Bob Clark huko Marekani mwaka 1992, na kuanzia hapo kila mtu alitaka rangi yake. Tulikaa na karatasi tukichora miraba ya urithi: hii jeni ni fiche, lazima mtoto aipate kwa baba na kwa mama; ile huonekana hata ikitoka upande mmoja. Mtoto mmoja wa rangi mpya aliweza kuuzwa kwa bei ya gari. Lakini rangi ikishazaliana haiwi adimu tena. Kila aliyenunua alizalisha, bei zikaporomoka, na wale ambao hawakupata rangi iliyotakiwa, watoto wa kawaida wa kahawia na nyeusi walivyoumbwa, tuliwauza kwa yeyote aliyeleta fedha. Hatukuuliza ana nyumba gani, na wala hatukumwambia kwamba kiumbe huyu anaishi miaka 30.

Miaka 30 nasema kwa tahadhari. Mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, chatu wa kifalme anayekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba. Alifikishwa pale mwaka 1961, na alikuwa hajakaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Nilipoisoma habari ile nilikuwa bado niko nje ya ufugaji, nikawafikiria watoto wangu wote. Kwa hesabu ya daftari langu nilizalisha 83. Ninajua walipo tisa.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Nilizalisha spaida. Ni rangi nzuri mno, mistari myembamba myeusi kama utando wa buibui juu ya dhahabu, na ilizalishwa kwanza Marekani mwaka 1999. Jeni ile huja na kasoro: kichwa kinatikisika, wengine hupinduka shingo wakitafuta juu ni wapi, wengine hukosa shabaha wanaporukia chakula. Tulikuwa tunaambiana ni "kizunguzungu kidogo tu, anakula vizuri." Mwaka 2022 watafiti walipiga picha za ndani ya vichwa vya nyoka hao na kukuta sehemu za sikio la ndani, zile zinazompa mnyama mizani ya mwili, zimeumbika vibaya. Kwa hiyo nyoka anazaliwa bila kujua juu na chini kwa sababu mimi nilipenda mistari yake. Sitazalisha spaida tena, wala rangi nyingine yoyote yenye mtikisiko wa namna hiyo, na naamini hakuna mfugaji anayepaswa kufanya hivyo. Hili sina subira nalo.

Basi ningemshauri nini anayerudi baada ya miaka kumi kama mimi? Ahesabu droo. Chatu wa kifalme hutaga mayai kama sita kwa wastani, unayaweka kwenye nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, bila kuyageuza, na baada ya siku 55 hadi 60 hivi vichwa vinaanza kutoboa maganda. Hapo ndipo furaha inapoishia na kazi inapoanza. Kila mtoto anataka droo yake, maji yake, joto lake, panya wake mdogo, na daftari la kuandika kama amekula. Wapo watakaokataa kula kwa wiki kadhaa. Ikiwa huna droo sita za kukaa nao mwaka mzima wasipopata mnunuzi wa maana, basi huna nafasi ya mayai sita, hata jike akiwa na kilo mbili.

Vipimo navyo vimebadilika. Zamani adui yetu alikuwa utitiri, na mimi ndio ulionifukuza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mpaka leo nikiona nukta nyeusi kwenye bakuli la maji moyo unapiga. Lakini mwaka uleule wa 2014 nilioacha, watafiti walieleza virusi vipya vinavyoshambulia mfumo wa kupumua wa chatu, na miaka miwili kabla yake virusi vingine vilikuwa vimehusishwa na ule ugonjwa wa boa, nyoka wasio na sumu wanaofanana na chatu, tuliokuwa tukiuogopa bila kujua chanzo chake. Leo unapaka kijiti cha pamba mdomoni mwa nyoka, unapeleka maabara, unapata jibu. Nyoka anaweza kubeba virusi huku anaonekana mzima kabisa. Mtu akiniuzia nyoka bila kipimo, simchukui. Na aliyepimwa pia anakaa siku 90 chumba cha peke yake, na ninamhudumia wa mwisho baada ya kuwahudumia wengine wote.

Sheria pia. Tangu 2018, hapa England anayeuza wanyama wa kufugwa kama biashara lazima awe na leseni ya halmashauri. Kuna wanaolalamika. Mimi ningefurahi kama ingekuwepo mwaka 2006 nilipoanza, maana afisa angeingia kile chumba changu akanizuia.

Ila nitazalisha, na nimeshachagua nani. Ni boa wa mchanga, Eryx colubrinus, yule ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita kwa jina la Kenya. Mimi ni mtu wa Voi. Nyanya yangu akimfukua na jembe shambani alimkata palepale, kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka na hakuna aliyetufundisha kwamba huyu hana sumu. Sikuwahi kumshika nyoka huyu nyumbani. Nilimshika mara ya kwanza Birmingham, kwenye meza ya muuzaji, rangi ya machungwa na madoa ya kahawia, mkia butu ambao mgeni hudhani ni kichwa, akazama katikati ya vidole vyangu akitafuta mchanga. Machozi yalinilengalenga mbele za watu.

Boa huyu hatagi mayai, huzaa watoto hai baada ya miezi minne au zaidi ya mimba. Dume ni mdogo sana ukimlinganisha na jike, pengine nusu ya urefu wake. Boa huyu hushinda amejifukia, macho tu yako juu, akingoja kitu kipite. Watoto wanaweza kuwa watano, wanaweza kuwa 15 au zaidi, ndiyo maana nimenunua droo 20. Zinaonekana nyingi kwa jozi moja, lakini sitaki tena kujikuta namuuzia mtu kwa sababu tu nimeishiwa nafasi. Na kila atakayenunua ataandikiwa ahadi: siku ukishindwa, hata ikiwa ni baada ya miaka 15, mrudishe kwangu.

Nduguzangu mlioko Kenya, naomba msinielewe vibaya mkaenda kuwachimba. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali cha kumfuga mnyama wa porini, na aliye mchangani Tsavo yuko kwake. Wawili wangu walizaliwa hukuhuku, kwa wazazi waliozaliwa hukuhuku.

Mama alinipigia juzi. "Nasikia umewarudia wale wadudu wako."

"Nimewarudia, Mama. Safari hii ni wale wa kwetu, wa shambani."

Akanyamaza kidogo. "Wale tuliokuwa tunawakata?"

"Haohao."

"Haya," akasema, kisha akauliza hali ya mtoto.

Chatu wa foronya yuko kwenye rafu ya chini, amejivua gamba zima bila kukatika wiki iliyopita. Hatazalishwa, atakula na kuzeeka tu. Boa jike yuko chumba cha mbele, dume yuko cha nyuma. Leo ni siku yao ya 71 kati ya zile 90, na kipimo cha pili nimekituma Jumatatu.