Mashine ije Tanga, au sampuli iende Dar?

Tangu Chuo Kikuu Mzumbe kianze kujenga ndaki yake Gombero, wilayani Mkinga, habari za maabara zimerudi vibarazani. Fedha zinatoka mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 ili kujenga na kukarabati vyuo vikuu vya umma nchini. Kila jengo likipanda, ubishi ni uleule: mkoa kama wetu uwe na mashine zake kubwa za utafiti, au zikae Dar es Salaam, Morogoro na Arusha, sisi tupeleke sampuli?

Wanaotaka mashine zije wana historia mkononi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, wakati miji mingi ya Afrika haijaona hadubini. Vita vikaja, watawala wakabadilika, na mwaka 1950 mkusanyiko wa mimea mikavu ukapakiwa ukapelekwa Nairobi. Kwa hiyo leo kijana wa Muheza anayetaka kuona jani lililochumwa zamani mlimani kwao akate tiketi ya basi avuke Horohoro, pasipoti mfukoni.

Silikanti nao wamesafiri vivyo hivyo. Tangu mapema miaka ya 2000 wavuvi wa huku, wa Kigombe na vijiji jirani, wamekuwa wakimpata kwenye jarife samaki huyu ambaye wataalamu waliwahi kuamini alikwishatoweka zama za dinosaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu wana vinasaba tofauti na wa Komoro. Watanzania walishiriki, lakini kazi iliongozwa kutoka Japani. Wenyeji tunasema "waja leo, waondoka leo" kwa wageni wa mji. Sampuli zetu nazo zimeshika desturi hiyo.

Upande wa pili hauna mashairi, una hesabu, na hesabu zake zinauma. Mashine ya kusoma vinasaba haifi kwa kazi nyingi, inakufa kwa kukaa. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vina tarehe ya mwisho. Chuo chenye sampuli chache kwa muhula kitavitupa kabla havijaisha. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inataka umeme usiokatika, na ukikatika usiku inataka mtu wa kuamka. Fundi wa kampuni iliyouza mashine hatoki Dar kwa nauli ya basi tu. Niliwahi kuonyeshwa maabara ya chuo kimoja, si lazima nikitaje, ambako mashine ya kuzungusha damu ilikuwa bado ndani ya nailoni yake miaka miwili baada ya kupokelewa kwa picha na keki. Plagi yake haikuingia ukutani. Ndiyo, plagi.

Kwa hoja hizo ni rahisi kukubali kwamba heri mashine moja Dar inayofanya kazi kuliko tano mikoani zinazofunikwa vitambaa. Ila Tanga hii hii ina ushahidi unaovuruga ubishi wote.

Majani Mapana palikuwa na taasisi ya utafiti wa mbung'o. Katika miaka ya 1990, Serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walitaka kuwamaliza mbung'o wa Unguja waliokuwa wakiambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kwanza wakawapunguza kwa mitego na dawa za kupaka mifugo. Kisha mbung'o wa kiume waliofugwa Tanga wakapigwa miale ya gamma hadi wakawa tasa, wakapandishwa ndege na kumwagwa kisiwani. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja, na huzaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku tisa au kumi, basi akikutana na dume tasa uzazi wake umekwisha. Kati ya mwaka 1994 na 1997 waliachiwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa mwaka 1996.

Tuhesabu vifaa sasa. Mtambo wa miale ulikuwa wa gharama, hilo halina ubishi. Lakini kilichobeba kazi ni damu ya machinjioni, utando wa silikoni ambao mbung'o walinyonyea kama ngozi ya ng'ombe, vyumba vyenye joto na unyevu usioyumba, na watu waliokwenda kulisha Jumapili na sikukuu. Mbung'o asiponyonya kwa siku chache anakufa, awe na mradi au asiwe nao.

Mimi ndipo ninapopata kipimo changu: kitu gani kinaharibika njiani? Mbu wa kupima usugu dhidi ya viuatilifu lazima awe hai. Anawekwa kwenye dawa kwa muda wa saa moja, anahesabiwa baada ya saa 24. Maji ya kisima ya kupima bakteria hayangoji basi la kesho. Kazi kama hizo zipewe maabara hapa: hadubini nzuri, vyumba vya kufugia wadudu, majokofu, jenereta. Korogwe, kimojawapo cha vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, isingeweza kupima watoto wake kwa posta. Lakini udongo mkavu, jani lililokaushwa, kipande cha samaki ndani ya spiriti, hivyo vinasafiri kilomita 350 bila kulalamika.

Kipimo hiki kina tundu, na nalikiri. Mwanafunzi wa Mkinga atamaliza shahada akiijua mashine ya vinasaba kwa picha za projekta. Tena siku hizi zipo mashine za kazi hiyo zinazoshikika kiganjani, ingawa vitendanishi vyake bado vinadai baridi na fedha. Kwa hiyo sampuli ikienda Dar, mwanafunzi aende nayo, alipiwe nauli na malazi, akae na fundi mpaka majibu yatoke. Nauli hiyo ni ndogo mno kulinganisha na bei ya mashine, na sijui kwa nini ndiyo hukatwa kwanza.

Ndiyo maana orodha ya vifaa vya maabara ikitangazwa, majina makubwa ya juu nayapita haraka. Nashuka chini kutafuta mistari mitatu: mkataba wa matengenezo ni wa miaka mingapi, ajira za mafundi sanifu ni ngapi, na nani analipia umeme mradi ukifungwa.