Mia Sita

Mwezi wa pili nyumba yangu ya Likoni ilikuwa haikaliki. Kaskazi imekolea, mabati hayana dari, ikifika saa nane mchana ndani ni tanuri la boflo. Fundi akaniambia dawa yake ni foili, ile yenye mapovu ya hewa, itandazwe chini ya mabati na iachiwe nafasi, ilirudishe joto lilikotoka.

"Nije nipime, mzee?"

Apime! Mafundi nawajua mie. Kazi ikitaka kilo moja ya misumari ataandika mbili, ya pili ikajenge kwake. Nikamwambia apumzike, hesabu nimesoma.

Nikachukua futikamba yangu ya manjano iliyoliwa ncha na kutu. Urefu thelathini, upana ishirini. Zidisha: mia sita. Nikaandika 600 kiganjani kwa biki, nikapanda feri.

Muuzaji kule Mwembe Tayari akanieleza: roli moja ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 40, yaani skwea mita 48. "Yako ni ngapi, ami?"

Nikamfunulia kiganja. Akakitazama, akanitazama, akashuka mpaka kwenye malapa yangu.

"Ni godauni?"

"Nyumba," nikajibu, kifua mbele. Nilidhani ananidharau.

Akagawanya, ikaja kumi na mbili na nusu. Nikasema lete kumi na tatu, sitaki mambo ya kupungukiwa. Chini ya risiti paliandikwa kitu kwa herufi ndogo. Nikaikunja.

Sasa foili ya mapovu ni nyepesi kama pamba lakini roli lake ni nene kama pipa. Mkokoteni ukawa mlima. Pale kwenye mteremko wa kushukia ferini kamba ikalegea, roli la juu likaruka, likajifungua lenyewe kuelekea majini, linang'aa hadi watu wakajikinga macho. Hamali akalikimbilia, nami nikamkimbilia hamali. Bibi mmoja mwenye buibui akasogeza kikapu chake cha samaki lipite. "Mwapeleka harusi ya nani?" akauliza, na kwa sauti yake alitaka jibu.

Nyumbani mke wangu akasimama mlangoni anahesabu kwa kidole. "Baba watoto, hizi nyingine za nani?"

"Zetu."

Fundi alipofika hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akapanda, akafanya kazi yake, akateremka. Mteremko wa paa na pale foili inapopandiana vyote vimo, na roli la pili halijaisha. Akaiokota futikamba mezani, akaigeuza polepole kama mtu anayemgeuza samaki asivunjike.

"Mzee, huku ni sentimita. Wewe ulisoma huku, futi."

Futi mia sita za mraba hazifiki mita 56. Nilimpigia muuzaji. Akanisomea zile herufi ndogo, neno kwa neno: mali ikishauzwa hairudi.

Nyumba imepoa, wallahi. Ila roli kumi na moja zimejaa chumba cha watoto, na watoto wanalala sebuleni. Juzi jirani yetu muuza mbaazi kaja kuomba kipande cha kuvika sufuria yake, mbaazi zisipoe kabla wateja wa mahamri hawajaamka.

"Nikatie tatu tu, baba."

"Tatu futi, au tatu mita?"

Huko jikoni nikasikia mwiko umeanguka, na mke wangu anacheka hadi anakohoa.