Tumempangia Rais Kitanda

Jana mwenye chumba kanikatalia tena. Kodi ninayo, amana ninayo. Anataka mdhamini, tena mdhamini mwenye nyumba yake humu humu Mexico City. Sasa mtu mwenye nyumba hapa angenijulia wapi mimi? Wapangaji wenzangu mnanielewa. Shemeji kuniona nimenuna, akasema, "Twende Los Pinos ukapunge upepo." Aliyenyimwa chumba unampeleka kutazama nyumba ya rais!

Kiingilio bure, miti tele, sikatai. Ila marais wa huku wananiudhi. Lázaro Cárdenas alipoingia madarakani 1934, Kasri la Chapultepec aliliona la kifahari mno, akahamia hapa. Waliomfuata wakakaa, wakapanua, mpaka Desemba 1, 2018, López Obrador naye akaikataa, ikawa ya wananchi na sanaa. Watu wanakataa nyumba! Mimi nyumba ndizo zinazonikataa.

Ndani ya Casa Miguel Alemán, jumba kuu la humo, tukaingia chumba kimoja kitupu. Shemeji akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Kitanda kilikaa hapa."

"Haiwezekani shemeji, mlango ukifunguliwa rais anaonekana miguu."

"Rais hafunguliwi mlango ovyo, shemeji."

Akapima kwa hatua, akakuta kitanda kimeziba dirisha. Tukakishika, huyu huku, huyu kule, hewa tupu, tukakisogeza. Kugeuka, bibi mmoja na wajukuu wake wanatusikiliza kwa adabu. Wakaja na wengine. Mmoja akauliza mke wa rais alilala upande gani. Shemeji, ambaye Kihispania chake kina ujasiri kuliko maneno, akajibu: "Ukutani!" Bibi akatikisa kichwa: ukutani ni kwa mume. Likazuka bishano, nami natetea ukuta wa mke wa mtu nisiyemjua, jasho linanitoka, mpaka nikapandisha kwa Kiswahili:

"Jamani, chumba chote hiki hakilali mtu! Mimi nalala kwenye kochi la shemeji, miguu nje!"

Wakanipigia makofi.

Kurudi, metro, peso 5, tumebanana. Akaingia mchuuzi na spika mgongoni, masikio yakaziba. Shemeji akanunua tochi. Ya nini? "Peso 10 tu, shemeji." Kwake kila kitu ni peso 10 tu: mikasi, gundi, hadi kimenyeo cha karoti. Karoti zenyewe hanunui, eti bei mbaya.